Nyuso Kumi na Mbili kwenye Banda la Majani

Ukungu wa Kiptere hauna haraka. Hupanda kutoka bondeni alfajiri, hujilaza juu ya chai kama mgeni aliyeambiwa ajisikie nyumbani, na hadi saa nne ndipo huanza kufikiria safari. Asubuhi hiyo uliingia mpaka ndani ya ukumbi wa kanisa. Ulipita kati ya viti vya plastiki, ukafika mstari wa pili alipoketi Dorine Akeyo na kamera mapajani, naye Dorine akahisi kana kwamba mwalimu anasema naye, yeye Dorine akiwa usingizini.

Mwalimu aliitwa Chelimo. Alikuwa mzaliwa wa Siongiroi, mwanamke mrefu mwenye goti bovu, aliyepiga picha za maandamano huko Nairobi kwa miaka kumi na mmoja kabla goti halijamwomba apumzike. Sasa shirika dogo la haki lilikuwa limemtuma nyumbani awafundishe watu tisa wa kujitolea namna ya kuweka kumbukumbu ya maandamano kwa picha, maana kila mtu alijua maandamano yanakuja. Kampuni ilikuwa imeleta mashine nyingine sita za kuchuna chai, na kila mashine ilifanya kazi ya wanawake thelathini bila kuumwa mgongo.

"Mpige mikono," Chelimo alisema. "Mpige gamboti, migongo, mabango. Mpige mahali, mtu akiona ajue ni wapi na ni saa ngapi. Lakini sura ya mtu, hiyo ni yake. Ukitaka kuitumia, unamuuliza yeye mwenyewe. Si bwana yake, si mtoto wake. Yeye."

Wote wakaandika. Dorine naye akaandika, tena akapigia mstari. Lakini kuandika ni rahisi.

Kazi yake yeye ilikuwa harusi na matanga. Kutoka Chepilat hadi Kiptere, ukimzika mtu bila Dorine ilikuwa kana kwamba hukumzika vizuri. Na picha za matanga zina utaratibu wake, ambao hakuna aliyewahi kuuandika popote lakini hata mtoto anaujua. Jeneza likishatolewa nje, makundi yanapanga foleni: wakwe, kwaya, chama, kisha wenzake wa kazini. Kila kundi linasimama kando ya marehemu, warefu nyuma, wafupi mbele, na mpiga picha anapaza sauti: "Macho kwangu!" Hapo videvu vinainuka, machozi yanasubiri kidogo, na picha inapigwa. Asiyeonekana kwenye albamu hakuhudhuria, hata kama ndiye aliyechimba kaburi. Kwa miaka kumi na minne Dorine alikuwa akiyaita macho ya watu namna hiyo, na watu wakimpa bila kinyongo.

Basi mchana Chelimo akawatoa nje kwa mazoezi. Nusu yao walishika matawi ya chai wakazunguka kanisa wakiimba, nusu wakapiga picha. Dorine alipoinua kamera, mdomo ulimtangulia. Waandamanaji wote wakasimama kimya, wakajipanga kwa urefu, na mwalimu mmoja mstaafu akafunga kifungo cha koti.

Chelimo alicheka mpaka akashika ukuta. "Dorine, aki! Haya ni maandamano ama ni matanga?"

"Nisamehe, madam. Ni mazoea."

"Mazoea ndiyo inafanya watu washikwe," Chelimo akasema, na kicheko kikaisha.

Usiku huo Dorine hakuliwaza sana jambo hilo. Aliwaza habari za mamake.

Mamake, Mama Aluoch, alikuwa ameletwa huku kutoka upande wa ziwa akiwa bibi arusi wa miaka kumi na tisa, na alikuwa amechuna chai ya seksheni ya saba mpaka vidole vyake vikawa na rangi ya kutu isiyotoka kwa sabuni yoyote. Mumewe alikufa, akazikwa kwao. Nyumba waliyojenga kule ilianguka kwa mvua moja tu, na shemeji akalima mahindi mpaka pale mlango ulipokuwa. Kilichombakia mama huyu duniani ni chumba kimoja kambini, mlango wa kijani, sufuria nne na dirisha linaloangalia chai. Na kampuni ilikuwa imebandika tangazo: atakayeonekana kwenye maandamano atatoka kazini, na kwenye nyumba pia.

Wanawake walilisoma tangazo, wakaenda hivyo hivyo. Waliuhesabu ukungu kama mwenzao. Nani angemtambua nani kabla ya saa nne?

Jumanne hiyo Dorine alitembea nao kutoka kambini, na kwa saa nzima alifanya kazi yake kwa namna ambayo Chelimo angejivunia. Alipiga gamboti zikikanyaga tope jekundu. Alipiga matawi mabichi yakiinuka na kushuka, na mikono iliyoyashika. Sauti za wimbo zilikuwa zinatoka mahali asipopaona, zikizama, zikiibuka tena upande mwingine, na chai ilikuwa imejaa pande zote mbili za barabara, kijani tupu, mpaka asijue tena kama ni wao wanaotembea au ni vilima vinavyopita polepole huku wao wamesimama. Alifurahi. Tangu mazishi ya babake hakuwahi kushika kamera mahali ambapo hakuna aliyekufa wala anayeolewa, na moyo wake ukawa mwepesi.

Kwenye kona, penye banda la kupimia majani, wanawake kumi na wawili wa seksheni ya saba waliketi kupumzika. Elmina, msemaji wao, mwanamke wa maneno mengi na mwanya mpana, akamwona.

"Dori! Unatupita kama hutujui? Hebu tupige basi. Seksheni seveni yote iko hapa."

Wakainuka. Hakuna aliyewaambia wasimame vipi. Warefu walienda nyuma, wafupi wakachuchumaa mbele, Mama Aluoch akajifunga leso upya, Elmina akamshika kiuno. Ukungu ukafunguka kidogo nyuma yao. Dorine akainua kamera, na maneno yale ya miaka kumi na minne yakatoka yenyewe, "Macho kwangu!" na nyuso kumi na mbili zikamtazama, zikicheka.

Alishtuka kidole kikiwa kimeshabonyeza. Akasimama pale kinywa wazi kama mtu aliyeamka katikati ya barabara. Lakini wimbo ulikuwa umeanza tena, wanawake wakaondoka, naye akajiambia ataifuta jioni.

Jioni haikumpa nafasi. Kwenye kilima cha pili mashine moja ya kuchuna ilikuwa imechomwa moto, na kabla mvua ya alasiri haijaanza Elmina alikuwa ameshikwa. Nyapara mmoja aliapa kwamba saa tatu na dakika arobaini alimwona kwa macho yake kwenye kilima hicho, na mtungi wa petroli mkononi.

Kesho yake watu wa mafunzo wakakutana ukumbini kupitia picha zao. Chelimo alizitazama za Dorine kwenye kompyuta moja baada ya nyingine, akitikisa kichwa kwa kuridhika: miguu, migongo, matawi. Kisha akafika kwenye ile.

"Na hii?"

"Nilisahau, madam. Naifuta saa hii."

Chelimo alikuwa ameinama, pua karibu iguse kioo. Nyuma ya paa la banda, kwenye kilima cha pili, kulikuwa na uzi mwembamba mweusi ukipanda. Dorine aliuona jana yake, na kama kila mtu alidhani ni ukungu. Chini ya picha kamera ilikuwa imeandika saa: tatu na dakika arobaini na moja. Na katikati ya picha, ameshika kiuno cha Mama Aluoch, Elmina alikuwa akicheka na mwanya wake wote.

"Usifute," Chelimo akasema kwa sauti ndogo.

Wakili wao, Kiptum, alikuwa kijana wa suti iliyombana na maneno machache. Alisema picha hiyo peke yake ingemtoa Elmina, ilimradi iingie kortini jinsi ilivyotoka kwenye kamera. Ukiwaficha wengine sura, au ukiwakata, upande wa mashtaka utasema imechezewa, na hakimu ataitupa. Iende nzima au isiende.

"Basi iko na watu kumi na moja wa kuulizwa," Chelimo alimwambia Dorine. "Ni wewe uliwaita macho. Enda uwaulize."

Dorine akaenda. Siku mbili alizunguka kambini na ile picha akilini, na kila alipotupa macho nyuso zile zilikuwa zinamtazama: kwenye madimbwi ya barabarani, kwenye bati lililolowa, kwenye chai ndani ya kikombe alichopewa. Alimkuta Chepkurui akimnyonyesha mtoto. Chepkurui aliuliza mara tatu kama kweli barua ya kufukuzwa itakuja, na Dorine akasema ndiyo, mara tatu, kwa sababu kudanganya kungekuwa dhambi. Mwanamke yule akamhamisha mtoto titi la pili. "Elmina ndiye alinishika mkono nikizaa huyu," akasema. "Wacha ipelekwe." Mwingine alilia kwanza, ndipo akakubali. Mwingine alimtukana Dorine na kamera yake na ukoo wake wote, akafunga mlango, akaufungua tena akasema sawa. Wa kumi alikuwa anafua. Alitingisha kichwa kukubali bila kuacha kufua, na Dorine akasimama pale muda mrefu akitazama povu likienda na maji mtaroni.

Kumi walikubali. Akabaki mmoja, na mlango wake wa kijani ulikuwa hatua ishirini kutoka pale.

Dorine alitembea hatua kumi na tano. Kupitia dirishani alimwona mamake akichambua mchele, akiimba kidogo, peke yake, katika mwanga ule wa jioni unaofanya kila kitu kionekane kimeshakuwa kumbukumbu. Aliziona sufuria nne ukutani. Aliona, wazi kama yaliyopigwa picha, mahindi ya shemeji yakiota pale mlango ulipokuwa. Akageuka, akaondoka kimya kimya, binti mtu mzima anayenyata kama mwizi wa kuku.

Alipomfikia Kiptum alisema, "Mmoja amekataa."

"Nani?"

"Amesema nisimtaje."

Kiptum akafunga faili. Chelimo alimtazama Dorine, akashika goti lake bovu.

Sasa wewe unayemlaumu, jiulize ungefanya nini. Dorine alijiambia amemwokoa mama. Alijiambia Elmina atatoka kwa njia nyingine, wakili kazi yake ni nini? Lakini usiku alimwota Elmina akiwa amesimama ndani ya chai iliyomfika shingoni, akicheka tu bila kumwambia lolote, na kila asubuhi aliamka amechoka kuliko alivyolala. Alikuwa akimpenda Elmina. Hilo lilimuuma zaidi.

Na kambini mambo yaliharibika. Habari kwamba mmoja amekataa ilifika kwenye mfereji siku ile ile. Wanawake waliochota maji pamoja miaka na miaka wakaanza kuchota kwa zamu za kuviziana. Chepkurui aliacha kumsalimia jirani yake. Yule aliyetukana akashukiwa, kwa sababu alitukana. Yule aliyelia akashukiwa, kwa sababu alilia. Kila mmoja aliapa kwa jina la watoto wake kwamba alikubali.

Siku ya nne, mvua ya alasiri ikiwa imejaa kwenye bati, Mama Aluoch aliingia studioni kwa Dorine na gamboti zake za kazi. Hakuketi. Ukutani nyuma yake kulikuwa na kile kitambaa cha maporomoko ya maji ambacho watu hupigiwa picha za kumbukumbu, na kwa nukta moja Dorine alimwona mamake kama mtu aliyetoka ndani ya maji yale.

"Wako kumi wameapa," mama akasema. "Mimi nimehesabu. Kumi wameulizwa, kumi wamekubali. Nani wa kumi na moja?"

Dorine akajishughulisha na lenzi iliyokuwa safi.

"Nakuuliza, nyathina, mwanangu."

"Mama, una miaka sitini na moja. Utaenda wapi? Wakikutoa kwa hiyo nyumba, utaenda wapi?"

"Kwa hivyo ni mimi nilikataa."

"Nilitaka ukae salama."

"Nilikataa lini? Nilikuwa nimeketi wapi nikikataa?" Sauti ya mama haikupanda, ilishuka, na hapo ndipo Dorine alipoogopa kwelikweli. "Leo Chepkurui ameinamisha macho aliponiona pale mferejini. Nimemzoea tangu akiwa msichana. Elmina amelala kwa simiti siku sita. Na mimi natembea hapa nikiwa mwoga, na huo uoga sijauonja hata kidogo. Umenipa wewe."

Dorine alianza kulia. Alilia kwa aibu, si kwa huruma, na alijua tofauti yake. Mama alimwacha alie. Alivua leso kichwani, akaikamua maji mlangoni, akaifunga tena. Kisha akavuta kile kiti cha duara ambacho watu huketi wakipigwa picha za kitambulisho, akaketi, akaweka mikono yake ya rangi ya kutu juu ya magoti.

"Haya," akasema. "Niulize."

"Mama..."

"Uliuliza wengine vipi? Niulize hivyo hivyo."

Dorine alipangusa uso. Alisema yale yote aliyowaambia wale kumi: kwamba sura yake itaonekana kortini, kwamba kampuni itaipata, kwamba kazi itaisha na nyumba itachukuliwa, kwamba anaweza kukataa na hakuna atakayemlaumu. Kisha akauliza: "Unakubali?"

Mama Aluoch alitazama nje, kule ambako vilima vilikuwa vimeyeyuka vyote na kubaki kijivu tu, na Dorine alipomwangalia aliona kitu ambacho hakuwahi kukiona katika maisha yake yote, yaani mamake akitetemeka.

"Naogopa," mama akasema. "Naogopa sana. Ipeleke."

Wakatembea wote wawili hadi kwa Kiptum mvua ikinyesha. Njiani walipita mferejini, na Mama Aluoch akasimama akawaambia wanawake waliokuwepo kwamba aliyekosa ni binti yake, na kwamba sasa wako kumi na mmoja. Chepkurui alilia, akamshika mkono. Dorine hakushikwa mkono na mtu siku hiyo, na aliona ni haki.

Alhamisi hakimu aliitazama picha kwa muda mrefu, akavua miwani, akaipangusa, akaitazama tena. Alimwomba nyapara aeleze jinsi mtu mmoja anavyoweza kusimama mahali pawili katika dakika moja. Nyapara alieleza mambo mengi ila hilo. Kesi iliondolewa wiki iliyofuata, na Elmina akatoka amekonda, na cheko lake limepungua kidogo.

Mwisho wa mwezi barua zikaja, kumi na mbili.

Siku ya kuhama haikuwa na ukungu hata chembe. Jua liliwaka juu ya chai, kila jani likaonekana peke yake, na mbali kwenye kilima cha pili mashine nyingine ilikuwa ikinguruma, imeshaletwa mpya. Elmina alikuja akaubeba mtungi wa maji na godoro la Mama Aluoch vyote kwa safari moja, akikataa kusaidiwa. Dorine alikuwa amesafisha chumba cha nyuma ya studio. Hakikuwa na dirisha, na jambo hilo lilimwumiza kila alipolifikiria.

Walipofika ofisini kurudisha ufunguo, karani alikuwa ameweka mezani nakala ya picha, na kando yake karatasi yenye majina. Alikuwa kijana mwenye adabu, na ilionekana wazi kwamba kazi hiyo haimpendezi. Alisema utaratibu unataka kila mmoja athibitishe kuwa ni yeye kabla ya kutia sahihi. Alisema pia, bila kuinua macho, kwamba picha zilizopigwa kwenye ukungu mara nyingi hazieleweki vizuri, na mtu akisema si yeye, yeye karani ataandika tu alivyoambiwa, labda mambo yataangaliwa upya.

Mlangoni, Elmina alikuwa amesimama na godoro kichwani.

Mama Aluoch alisogea mezani. Hakuwa ameiona picha hiyo hata mara moja. Kortini aliketi nyuma sana. Aliinama, akaitazama kama mtu anayemtazama mgeni mwenye sura ya ukoo wao, na Dorine akamwona akigundua kwamba pichani alikuwa anacheka. Akaweka kidole chake juu ya karatasi.

"Ni mimi," akasema. "Andika vizuri. Aluoch, seksheni seveni. Huyu amenishika ni Elmina. Na ule moshi uko kule."